Jina la Aliyebaki Nyumbani

Mwalimu Onchiri alistaafu kufundisha historia miaka minne iliyopita, na badala ya kukaa nyumbani kufuga kuku kama wastaafu wenzake, akaanza kuzunguka vijiji vya Bomet akiuliza habari za watu waliokufa baharini. Mwanzoni watu walimcheka. Bahari iko wapi, Mwalimu, na huku ni majani chai matupu? Lakini alikuwa na orodha yake. Februari ya mwaka 1944 meli ya askari ilitoka Mombasa ikielekea Ceylon, nyambizi ya Wajapani ikaipiga, nayo ikazama kabla mtu hajamaliza kufunga viatu. Ndani yake walikuwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na baadhi yao walitoka kwenye vilima hivi hivi.

Kila jina alilitafutia nyumba. Akiipata, anaweka tiki kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha mtihani. Kanisa lililo karibu na kituo cha kuuzia majani lilikuwa limekubali kusimamisha jiwe la ukumbusho uani kwake, na fundi alitaka majina yote kufikia Ijumaa. Kamati ilitoa sharti moja: hakuna jina litakalochongwa mpaka mtu wa nyumba hiyo atie sahihi kwamba marehemu alikuwa wao na hakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tayari familia mbili zilikuwa zimegombania marehemu mmoja, kila moja ikitaka viti vya mbele.

Jumatatu alifika kwa Johana, kwa sababu kati ya nyumba za ukoo wa Maritim, ya Johana ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani. Johana na mkewe Marcella walikuwa wametoka kuchuma. Mama yake Johana, Rebeccah, mwanamke wa miaka themanini na miwili, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za sageti. Mwalimu akapewa kiti na kikombe cha chai, akafungua daftari, akasoma: Kipyegon arap Maritim, askari wa mizinga, amepotea baharini.

"Hapo wamekosea," Rebeccah alisema. "Kipyegon ni baba yangu mdogo. Alikufa 1981 kwa kitanda yake. Mimi ndio nilipikia watu wa matanga. Kaburi iko pale kwa Gibson, chini ya avokado."

Mwalimu hakushangaa. Alikuwa amekutana na makosa ya kila aina. Alitoa penseli alikate lile jina, na hapo Rebeccah akamuuliza kama kwenye orodha kuna Kipngeno arap Maritim. Mwalimu akapitisha kidole toka juu hadi chini, akasema hakuna.

Marcella aliinamisha macho kwenye kikapu chake. Kila mtu pale kijijini alijua Kipngeno alikuwa nani. Alikuwa baba yake Rebeccah, na alikuwa mtoro. Mwaka wa 1943 alitoroka shamba la mzungu alikokuwa ameandikwa kazi, akamwacha mke mwenye mimba, na askari wa lile shamba wakaja kumtafuta wakageuza mpaka vitanda. Wengine walisema alikwenda kwa Wamasai, wengine walisema ana mke Tanganyika. Mimba ile ndiyo Rebeccah. Alikua akiitwa mtoto wa mtoro, kisimani, shuleni kwa ile miaka miwili aliyosoma, na hata leo kwenye kituo cha majani ukigombana na watu wa nyumba hii utaisikia. Kwa vile Kipngeno hakuacha mtoto wa kiume, Rebeccah hakuozwa kwingine. Kwa desturi ya Wakipsigis aliozwa nguzo ya nyumba ya mama yake, akae pale azae, na watoto wake wawe wa nyumba ya Kipngeno. Ndivyo Johana alivyorithi ekari moja na nusu kando ya mto, mahali panapotuama maji, kwa maana ukoo haukuona sababu ya kuipa nyumba ya mtoro zaidi ya hapo.

"Mwalimu," Rebeccah alisema, "askari siku hizo alikuwa anaandikwa na nini?"

"Na kipande. Ile karatasi ya serikali, inakaa ndani ya kikopo cha chuma, unavaa kwa shingo. Jina yenye iko kwa kipande ndio jina ya jeshi."

Rebeccah akaacha mboga. Baba yake mdogo Kipyegon hakuwahi kuwa na kipande. Watoto wakimuuliza, alikuwa akijibu kwamba kililiwa na ndama, nao wanacheka. Rebeccah naye alicheka miaka yote hiyo, na hata siku moja hakujiuliza ni ndama gani anayekula chuma.

"Usikate bado," alimwambia Mwalimu. "Nipatie siku mbili."

*

Kwa Gibson ni juu, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye miguu, na kwa Rebeccah ni saa nzima. Gibson ni mtoto wa kwanza wa Kipyegon, mzee wa kanisa, mtu wa ekari sita na nyumba ya mawe. Asubuhi ya Jumanne alikuwa amekwenda Bomet, na Rebeccah alilijua hilo ndiyo maana akaenda. Alimtaka mama yake Gibson, Jerusa, mjane wa Kipyegon, ambaye miaka ilikuwa imemlaza kwenye chumba cha nyuma akisikiliza redio.

Wanawake hawa wawili walikuwa wamechuma chai safu kwa safu karibu miaka thelathini, na hawakuwahi kuzungumza jambo zito. Rebeccah aliketi ukingoni mwa kitanda, akazima redio, akauliza bila kuzunguka. Jerusa alivuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Mwaka ule Kipyegon alikuwa ametahiriwa, yuko menjo, kibanda cha msituni ambamo vijana walifichwa miezi mingi wasionwe na wanawake. Kijana wa menjo hana haja ya kipande, kwa hiyo kipande chake kilining'inia ukutani kwa mama yao. Kaka yake Kipngeno alikuwa amechoka na mzungu. Mkataba haujaisha, mzungu hataki kumtilia sahihi, na bila sahihi hiyo hakuna mahali pengine pa kumwandika kazi. Jeshini walikuwa wanalipa mara mbili. Kipngeno akashusha kipande cha mdogo wake ukutani, akakivaa, akaenda kuandikwa kwa jina hilo. Alisema atakirudisha kabla kijana hajatoka menjo.

Mwaka uliofuata chifu alileta barua kwa mzee Maritim: mwanao Kipyegon amekufa majini. Kipyegon mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anakamua. Kutumia kipande cha mtu mwingine kulikuwa ni jela, kwa aliyetoa na kwa aliyepokea, na mzee hakutaka kupoteza wawili. Akapokea barua, akamshukuru chifu. Usiku huo huo Kipyegon akapelekwa Fort Ternan kwa mjomba, akakata miwa miaka mitatu mpaka chifu alipobadilishwa. Mama yake Rebeccah hakuambiwa. Wazee walisema ni msichana mdogo, akiambiwa atalia, na akilia askari watauliza analilia nani. Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka themanini bila kuchoka.

"Na wewe ulijua lini?" Rebeccah aliuliza.

"Mzee wangu aliniambia mwaka ule alikufa. Akanikataza kusema. Akishakufa nikaona nitasema, halafu nikazoea."

"Serikali ililipa?"

"Kidogo. Walinunua ng'ombe mbili. Maziwa yake ata wewe ulikunywa."

Rebeccah alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakaziba, na pamoja na hasira hiyo furaha, na hakujua aweke wapi hivyo vitu viwili. Baba yake hakutoroka. Alimwomba Jerusa aseme hayo mbele ya Mwalimu na aweke kidole. Jerusa aligeuza uso ukutani.

"Wewe nimekuambia. Mbele ya watu nitasema kile Gibson atasema. Mimi nakula kwake."

*

Bila sahihi ya nyumba ya Kipyegon kamati isingebadilisha jina, na Gibson hakukataa. Hilo ndilo lililomkera Johana zaidi. Jumatano jioni alishuka mwenyewe na koti lake la kanisa, akaketi, akaomba kwanza. Akasema habari ameisikia kwa mama, na kama mtu wa Mungu hawezi kuzuia ukweli. Atamwandikia Mwalimu kwamba baba yake hakwenda vitani, aliyekwenda ni Kipngeno, na jina la jiweni libadilishwe. Lakini vilevile, alisema, ni vizuri familia ikiondoa vikwazo vyote kwa pamoja. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa Bomet kwa wakili, ikiwa na muhuri tayari. Mtu aliyekuja kukubaliana hafiki na muhuri, lakini Gibson alikuwa hivyo.

Karatasi ilihusu nusu ekari ya chai iliyo juu, mpakani. Johana aliipanda mwenyewe mwaka wa 2009 kwa ruhusa ya mdomo, kwenye ardhi yenye hati ya Gibson. Tangu mwaka jana Gibson alikuwa akiitaka, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa mara mbili na kuelekea kusema ibaki kwa aliyeipanda. Kikao cha mwisho kilipangwa mwezi ujao. Karatasi ilisema Johana anairudisha kwa hiari, na kwamba nyumba ya Kipngeno haitadai kitu kingine tena, sasa wala baadaye.

Marcella aliuliza jina la marehemu na majani ya chai yanahusiana vipi. Gibson akamjibu Johana, si yeye, kwamba yeye Gibson akishatia sahihi kuwa Kipngeno alikuwa mkubwa na hakutoroka, kesho kuna mtu ataamka na kudai fungu la mkubwa. Alisema hawalaumu, binadamu ni binadamu. Angengoja jibu mpaka kesho saa sita, kwa sababu Ijumaa fundi anaanza kuchonga.

Alipotoka, Marcella alianza kusema na hakunyamaza mpaka ugali ukapoa. Nusu ekari ile ndiyo iliyokuwa ikileta bonasi ya maana kutoka kiwandani kila mwaka, kwa sababu chai ya mtoni huunguzwa na baridi kila Julai. Bonasi ya mwaka jana ilirekebisha paa. Ya mwaka huu walishaipangia ng'ombe. Alisema yeye ndiye aliyepalilia miche ile akiwa na mimba, na kwamba wazee wangewapa haki yao kwa kungoja mwezi mmoja tu. Huyo mzee amekaa baharini miaka themanini, angeshindwa kukaa mwaka mmoja zaidi?

Johana alisema jiwe haliongezewi majina, Mwalimu amesema hivyo. Ama liingie Ijumaa, ama basi. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kugombana na mkewe wala na mtu mwingine, na alimtazama mama yake akitumaini atamwamulia.

Rebeccah hakuomba. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba hataomba.

"Chai ni yenu," alisema. "Mimi sikupanda ata mche moja. Nitawaambia tu kitu moja, halafu mkae na Marcella muone. Siku mama yangu alikufa, watu wa ukoo walikuja wakazika haraka, wakasema hakuna haja ya maneno mingi, ni bibi ya mtoro. Johana ulikuwa na miaka kumi. Wewe uliniuliza mtoro ni nini."

Aliondoka akaenda kulala. Marcella akaosha vyombo kwa kelele. Baadaye alimwambia Johana gizani kwamba hatasema ndiyo, asitegemee hilo, lakini akitia sahihi, yeye hatamwacha na kurudi kwao. Johana akakaa macho mpaka jogoo wa kwanza, akijaribu kukumbuka mama yake alimjibu nini siku ile alipokuwa na miaka kumi, asikumbuke.

Alhamisi saa tano alipanda kwa Gibson. Alitia sahihi kila ukurasa. Gibson naye akaandika barua yake kwa Mwalimu, mistari minne, na akamwomba Johana amsaidie kusoma kama ni sawa. Ilikuwa sawa. Jerusa aliletwa sebuleni, akashikwa mkono, akaweka kidole cha gumba chini ya barua. Alipouliza ameweka kidole kwa nini, Gibson akamwambia ni mambo ya kanisa.

*

Jiwe lilifunuliwa Jumapili ya wiki ya tatu. Hema moja, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama. Mwalimu Onchiri alivaa tai na kusoma habari ya meli polepole, kwamba ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, watu wakiwa chini wanatazama tamasha la muziki, na wengi hawakuwahi hata kufika kwenye ngazi. Alisema ameandika barua pia kwa wanaotunza ukuta wa makaburi ya vita kule Nairobi, ambako jina bado ni la Kipyegon, na hajajibiwa.

Kadi za viti vya mbele zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya waliotia sahihi. Kwa hiyo Gibson aliketi mbele na ua kifuani, na Rebeccah akawekwa safu ya pili nyuma ya spika. Mhudumu alitaka kumhamishia mbele, Gibson akasema wao ni familia moja, hakuna shida. Alipopewa nafasi ya kusema, alizungumza juu ya sadaka ambayo nyumba ya Maritim ilitolea nchi. Hakusema uongo hata neno moja. Johana alitazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho.

Majina yalisomwa moja baada ya jingine. Lilipofika la Kipngeno arap Maritim, Rebeccah alisimama, kama walivyoelekezwa, na Marcella aliyekuwa hajazungumza na mumewe sawasawa kwa siku kumi na saba akasimama naye kumshika kiwiko. Baada ya sala Rebeccah alilisogelea jiwe. Hakujua kusoma vizuri. Alimwomba Mwalimu amwonyeshe ni mstari upi, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo mpaka watu wa picha wakamwomba apishe.

*

Jumatatu asubuhi Rebeccah alimwambia Marcella aweke maji motoni na atafute wembe mpya.

Marcella alidhani ni kucha. Rebeccah akatoa kitambaa kichwani. Alisema mtu akifiwa na baba hunyolewa, na yeye hajawahi kunyolewa. Mama yake vilevile hakunyolewa. Huwezi kumlilia mtu anayetembea Tanganyika na mke mwingine. Alikuwa amengoja kwanza aone limeandikwa, maana na Gibson huwezi kujua.

"Ni siku ngapi, Mama?" Marcella aliuliza.

"Mwanaume ni nne."

"Na majani? Leo ni siku yetu ya kuchuma."

"Mnaweza kuenda. Mimi nitakaa."

Marcella alitazama kule juu, kwenye nusu ekari, ambako vibarua wawili wa Gibson walikuwa tayari wamevaa aproni zao na kuanza kuchuma. Ilimuuma, na angeendelea kuumwa kwa miaka. Akamwita Johana aache kikapu. Akaleta maji na sabuni, akamketisha mama mkwe wake kwenye kigoda nje ya mlango, akaanza kunyoa kutoka kwenye paji la uso. Nywele zilikuwa chache, nyeupe, na ngozi chini yake laini. Rebeccah alipoanza kulia hakufunika uso. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na Marcella akauinua wembe akangoja, kisha akaendelea.

Saa nne Arasa alipita. Arasa ni karani wa mizani kwenye kituo cha majani, ametoka Kisii mwaka jana tu, na alikuwa amekuja kuuliza kwa nini nyumba hii haijaleta kikapu hata kimoja. Aliona zile nywele chini, akaona Johana amekaa bila kazi siku ya kuchuma, akavua kofia.

"Poleni. Kuna nini?"

"Tuko na matanga," Johana alisema.

"Poleni sana. Nani ametuacha?"

"Baba yangu," Rebeccah alisema.

Arasa alimtazama yule bibi, akapiga hesabu kimoyomoyo, akatafuta neno la heshima, akamwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Pole, Kogo. Lakini Mungu alimpea miaka mingi."

"Hapana," Rebeccah alisema. "Alikuwa na miaka ishirini na nne."

Johana alimsogezea Arasa kiti, naye akaketi pamoja nao.